Boma la nyumba ya mwalimu: shajara ya kamati ya ujenzi

Januari 2024, shule zimefunguliwa

Wachangiaji wetu mlioko Tanga mjini, Dar na Unguja, mlisema sauti za simu zinawachosha, mnataka maandishi. Haya, yatakuja kila kazi ikifika hatua. Mimi ni katibu wa kamati. Naandika nilichokiona na nilicho na stakabadhi yake, na pale nitakapotia maneno yangu mwenyewe mtayajua tu.

Kwa asiyelijua, boma lenyewe liko nyuma ya uwanja wa mpira wa shule, kusini mwa mto Pangani, ukiwa unaelekea Mkwaja. Ni nyumba pacha: familia mbili, ukuta mmoja katikati, vyumba viwili na sebule kila upande. Wananchi walilinyanyua mpaka usawa wa madirisha, nguvu zikaisha. Sebuleni umeota mpapai, na wapangaji kwa sasa ni mbuzi.

Kikao cha kwanza kilikuwa moto. Wengi walitaka pesa zenu ziende kwenye darasa, na hoja wanayo. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba; sisi darasa la kwanza na la pili wanapokezana chumba kimoja, hawa asubuhi, wale mchana. Mvuvi mmoja akasimama akasema, "Mwalimu ana mshahara wake kila mwezi. Mimi nisiye na mshahara ndiye nimjengee nyumba?" Akapigiwa makofi, tena ya nguvu.

Mwalimu Mkuu hakumjibu. Alifungua daftari la ikama, yaani la idadi ya walimu wa shule, akasoma walimu waliowahi kupangiwa hapa tangu yeye afike, na kila mmoja aliondokaje. Mmoja alipanga chumba cha makuti kinachovuja, akaomba uhamisho masika ya kwanza. Mwingine, binti, alipewa chumba katika nyumba ya watu, choo cha pamoja na wapangaji wanaume, hakumaliza muhula. Yupo aliyeona heri akae Pangani mjini, awe anavuka na kivuko mpaka Bweni, kisha bodaboda. Huyo alikuwa akifika vipindi viwili vimeshapita, na siku kivuko kikisimama hafiki. Walimu waliobaki ni wenyeji wenye kwao hapa hapa, na yeye Mwalimu Mkuu anayelala katika ofisi ya zamani iliyozungushiwa pazia.

Mwenyekiti wa kijiji akaongeza jambo ambalo naona ndilo lililogeuza kikao. Fedha kubwa ya serikali ikija vijijini, kwa kawaida huanza na darasa. Mwaka 2021, katika fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Darasa lina njia zake nyingi za kuja. Nyumba ya mwalimu, kijiji kisipoishika mwanzo, hukaa foleni mpaka watu wazeeke. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono na nyumba ikapita, si kwa kishindo.

Nieleze na hili la michango, maana mmeuliza mbona Mwalimu Mkuu hasaini popote. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 elimumsingi haina ada, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni na kuwataka walimu wakae mbali na fedha za wazazi. Hapa kwetu tumelishika kikamilifu. Pesa iko kwenye akaunti ya kijiji, na ajenda ya fedha ikifika Mwalimu Mkuu hunyanyuka akaenda kusimama chini ya mwembe. Kuna wanaoitumia "elimu bure" kama ngao ya kutotoa hata ndoo ya maji. Lakini heri ubishi huo kuliko mwalimu kugeuzwa mtoza ushuru, kisha mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hakutoa.

Wapo pia waliouliza kwa nini shule isitumie ruzuku yake. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Pigeni wenyewe: shule ya watoto 300 ni milioni tatu kwa karatasi, na humo kuna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Haiezeki hata baraza la nyumba hii.

Februari, lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha)

Tumeunda kamati tatu kama miradi ya serikali ya force akaunti, ile ya kujenga kwa mafundi bila mkandarasi, inavyotaka: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Aliyenunua si anayepokea, na anayepokea hashiki pesa. Wazee walinung'unika kwamba hii ni kijiji kimoja, tunajuana. Ndiyo maana hasa.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, tumeupanga kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya ukutani. Vijana hapa wanakwenda dagaa kwa taa, na taa inafanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavutwi na mitumbwi inalala. Kwa hiyo siku za mbalamwezi tunapata wanaume, na siku za giza tunawakosa. Kina mama nao bamvua ikitoka, maji yakikupwa sana, wako miambani na vijiti wanatafuta pweza, basi maji na kokoto tunawaombea maji mafu, siku bahari isipokupwa sana. Mtendaji alileta ratiba yake ya kila Jumamosi kutoka kwenye semina. Jumamosi ya kwanza walikuja wazee na watoto.

Wiki hii ubishi ulikuwa mchanga. Bahari iko hapo, mchanga bure, mweupe, safi. Mzee mmoja, fundi wa zamani, akasema babu zetu walijengea huu huu na majumba yao Pangani mjini bado yamesimama. Fundi wetu hakupandisha sauti. Aliokota mchanga kiganjani, akaulamba, akampa mzee. "Hebu onja, babu." Mzee akaonja, akatema. "Chumvi." "Sasa, babu, zile nyumba zenu zilikuwa mawe na chokaa, nondo hazimo. Mimi hapa kwenye lenta nalaza nondo za milimita 12. Chumvi hii ikizikuta, miaka michache tu zinavimba kutu, zege linapasuka, lenta inamwangukia mwalimu kitandani." Mzee akafikiri kidogo, akauliza mchanga wa mtoni unapatikana wapi. Ulipatikana, kwa trekta, kwa pesa. Ndiyo ile stakabadhi mliyoiulizia kwa nini tunanunua mchanga ilhali tunaishi ufukweni.

Zege tulichanganya moja, mbili, nne. Lenta ilimwagwa kwa siku moja, bila kuachia katikati, mnyororo wa ndoo kutoka kisimani mpaka juu ya jukwaa. Yule mvuvi wa kikao cha kwanza alikuwepo, tena juu kabisa anapokea ndoo. Pesa hajatoa mpaka leo na anasema hatatoa. Sina neno naye.

Baada ya hapo zege lilimwagiliwa wiki nzima, likiwa limefunikwa magunia. Kazi hii haina sifa, hakuna anayeipiga picha. Darasa la saba waliigawana zamu asubuhi kabla ya kengele, na hapo nilimwambia Mwalimu Mkuu iwe ndoo moja kwa mtoto, basi. Nimeona shule ambazo watoto hubeba tofali mpaka saa nne na somo la hisabati likafia huko.

Machi, bati

Saruji inatengenezwa Tanga mjini, si mbali, lakini ikifika hapa imeshalipa lori, kivuko, na lori la pili, kwa kuwa kivuko kina kikomo cha uzito na lori letu ilibidi lipunguze mzigo. Daraja jipya na barabara ya lami vikiisha, nusu ya maumivu haya yataondoka. Kwa sasa, ukipanga bei kwa kuangalia duka la Tanga utaumbuka.

Tumepandisha kozi za tofali, kenchi za paa zimesimama, mbao zote zimepakwa dawa. Mchwa wa huku hawachagui.

Sasa habari ya bati. Tuliagiza geji 28, na hati ya mauzo imeandikwa 28. Lori lilifika alasiri, Ramadhani imeshaanza, watu koo kavu, kila mtu anataka washushe waende wakapike futari. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi ni mama muuza vitumbua, mnamjua. Akasema hashushi mtu. Akapanda juu ya lori na khanga zake, akafunua bati la juu, la pili, akachomoa la katikati, akasoma mhuri uliopigwa pembeni. Ilikuwa 30.

Wengi hapa huamini namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume: 30 ni nyembamba kuliko 28, na kwa upepo wa kusi na hewa hii ya chumvi, bati jembamba linaisha mapema, linaanza kupiga kelele, halafu linang'oka. Dereva akamwambia, "Mama, mimi ni dereva tu, wamenipakilia." Akamjibu, "Najua, baba. Nawe ni dereva, basi geuza." Lori likageuka. Muuzaji alipiga simu na maneno mengi, kwamba ni kosa la stoo, kwamba zote ni sawa, kwamba atapunguza bei. Malipo ya mwisho tulikuwa bado hatujayaachia, na hiyo ndiyo silaha tuliyokuwa nayo. Bati za 28 zilikuja wiki iliyofuata, mhuri umesomwa moja baada ya jingine, na paa limefungwa kabla ya masika kukolea. Mafundi walifanya kazi alfajiri mpaka saa tano, jua likikaza wanashuka, maana wamefunga.

Aprili na mwanzo wa Mei, masika

Kazi ya nje imesimama. Mvua za mwaka huu ni nzito, barabara imegeuka tope, na mwanzoni mwa Mei Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Hidaya, wavuvi wakavuta vyombo juu. Kimbunga kilipiga zaidi upande wa Mafia. Paa letu limevuka salama, na ndani hamna hata tone.

Kwa kuwa sikuwa na cha kuandika cha ujenzi, nilikwenda kukaa darasani. Darasa la tatu na la nne wako chumba kimoja kwa sababu ya uhaba wa walimu, si wa vyumba tu. Wamekaa migongo ikitazamana, ubao mmoja ukuta wa mashariki, mwingine wa magharibi. Mwalimu mmoja. Anaandika zoezi la hesabu huku, anatembea mpaka kule kusomesha Kiswahili, na akigeuka la tatu wameshamaliza au wameshaanza kufinyana. Mtoto wa la tatu aliyekaa karibu nami alikuwa anajibu maswali ya la nne, kichwa kimegeuka nyuma. Alipata.

Na wote wawili hawafuati mtaala mmoja. Mtaala mpya umeanza mwaka huu kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi kwao ni miaka sita. La nne wanaendelea na mtaala wa zamani, miaka saba. Kwa hiyo mwaka 2027 hawa wanaotazamana migongo, la sita na la saba, watamaliza pamoja, na wote watatafuta nafasi ya kidato cha kwanza Januari 2028. Atakayewaandaa kwa njia mbili ni mwalimu yule yule anayetembea kutoka ukuta mpaka ukuta. Wanaosema nyumba si elimu nawaomba waje wakae naye kipindi kimoja, kiti ninacho.

Utoro nao nimeuona. Viti vya wavulana wa la sita na la saba vilikuwa wazi. Ni msimu, wako kwenye chanja wanaanika dagaa, wanalipwa siku hiyo hiyo. Mzazi akiulizwa anasema mtoto akienda shule anakuta mwalimu hayupo, heri alete kitoweo. Hapo siwezi kumwambia anadanganya. Uji wa shule ungesaidia, na mahindi ya kuanzia yalikusanywa mwaka jana, yakaishia mwezi wa pili kwa kuwa aliyekuwa akiyasimamia alikuwa mwalimu aliyehama. Kila uzi ninaouvuta hapa unaishia kwa mtu aliyeondoka.

Juni, plasta na choo

Sakafu imemwagwa, plasta ya ndani pande zote mbili imekamilika, ya nje upande mmoja tu. Milango ya mbao tumetengenezewa na fundi seremala wetu kwa bei ya nyumbani. Madirisha yana nyavu za mbu, jambo lililoleta maneno ("anasa"), mpaka nesi wa zahanati aliposimama akasema mwalimu mwenye malaria ni kipindi kisicho na mwalimu. Nyavu zikapita.

Choo kimetuchelewesha. Kuna waliotaka walimu watumie vya wanafunzi. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, nasi hatujafika hata karibu. Kuwaongezea walimu kwenye foleni ile ni kuwanyang'anya watoto. Isitoshe, mwalimu wa kike apange mstari na wanafunzi wake? Bibi mmoja alimaliza mjadala kwa kuuliza ni nani pale kikaoni angekubali binti yake aishi hivyo. Shimo limechimbwa. Chini tulikuta mwamba wa matumbawe, basi tukaongeza upana badala ya kina, na limejengewa kwa tofali.

Umeme: nguzo ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ipo barabarani, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Hizo zilichangwa palepale kikaoni, kofia ikapitishwa. Waya wa ndani ya nyumba ndio ghali, na ndio uliokula akiba yote ya plasta ya nje upande wa pili. Kamati ya ujenzi iligawanyika, mimi nikiwa upande wa umeme. Plasta ya nje inaweza kusubiri kaskazi. Mwalimu anayesahihisha madaftari kwa tochi ya simu, na simu yenyewe anaipeleka kuchajiwa dukani, hatasubiri.

Julai, muhula wa pili

Mwalimu mpya ameripoti, wa kike, na mtoto mchanga na mdogo wake wa kumsaidia. Ameingia upande uliokamilika. Kulikuwa na maneno kwamba Mwalimu Mkuu, aliyelala ofisini miaka yote hii, ndiye aanze. Yeye mwenyewe alikataa, akasema yeye ameshazoea na hakimbii. Wa kushikwa ni anayeweza kukimbia. Mama wa vitumbua alimpelekea mgeni ndoo, mkeka na maswali mengi.

Amepewa la tatu. La nne wamebaki na mwalimu wao, na ubao wa magharibi umehamishiwa chini ya mwembe, kwa siku zisizo na mvua. Kwa hiyo ndiyo, mliosema darasa ni lazima, nanyi mlikuwa na haki. Maombi ya darasa yamekwenda halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Kata, na mhandisi amekuja kupima eneo.

Kilichobaki, bila kuficha: upande wa pili hauna plasta ya nje wala dari, mifereji ya maji ya mvua haijafungwa, na tenki hakuna. Fundi amepima paa, ni kama mita za mraba 140. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, basi mvua ya milimita 20 tu, hata ukitoa inayopotea, ni zaidi ya lita 2,000. Masika yote yale yamemwagika chini huku kina mama wakibeba ndoo kutoka kisimani. Hili linaniuma kuliko plasta.

Matunzo tumeyaandika kwenye muhtasari wa kikao cha kijiji: mwalimu halipi kodi, na bati likitoka au kitasa kikiharibika, gharama inatoka kwenye nazi za shamba la shule, anazozisimamia mtunza hazina wa kijiji. Wapo wanaotaka nazi hizo ziwe za uji. Kwa mavuno ya sasa hazitoshi vyote viwili, na minazi mingine imezeeka, inahitaji kupandwa upya. Miche ipo kwa mzee mmoja wa Kipumbwi, bei tutaiuliza.

Kikao kijacho ni Jumapili baada ya alasiri, wavuvi watakuwepo kwa kuwa mbalamwezi itakuwa kali. Ajenda ni tenki na mifereji. Anayetaka kuchangia atume kwenye akaunti ya kijiji, si kwa simu yangu wala ya mwalimu, na stakabadhi atapigiwa picha atumiwe.